Mbwa na gesi ya makala (mkaa): chumba cha oksijeni ya presha kinasaidia, au ni dola zangu zinazotafutwa?

Furaha_Himbi (Goma)

Jambo bandugu. Naandika toka Goma, kartye Himbi. Kazi yangu ni cherehani, mambo ya hospitali siyajui, kwa hiyo nikitaja kitu vibaya mnirekebishe bila kelele.

Nina mbwa jike anaitwa Sombe. Jina alijipa mwenyewe: akiwa mtoto aliingiza kichwa chote ndani ya sufuria ya sombe (kisamvu) na tukalazimika kumtoa kwa mafuta. Sasa ni bibi, macho yameanza ukungu, lakini wezi wa mtaa wetu bado wanampisha. Usiku wa ile mvua kubwa alijipenyeza jikoni. Jiko letu liko nje, ni la bloki, na dirisha tulikuwa tumeliziba kwa turubai sababu maji yalikuwa yanaingia. Ndani kulikuwa na mbabula (jiko la makala), makala yakiwaka polepole chini ya sufuria ya maharage.

Asubuhi zamu, mlinzi wetu, alifungua mlango akamkuta Sombe amelala ubavu, miguu imekakamaa, amejikojolea. Kuku wawili ambao hulala juu ya boriti walikuwa wameanguka chini, wamekufa. Zamu alimbeba Sombe mpaka uani penye upepo. Akatapika, akatetemeka, ilipofika mchana akasimama, jioni akala. Tukamshukuru Mungu, yakaisha.

Kumbe hayajaisha. Alikaa vizuri siku kadhaa, kisha akaanza vituko. Anazunguka, kila mara kwa kushoto. Anasimama mbele ya ukuta muda mrefu anauangalia. Juzi aliingia parseli (kiwanja) ya jirani akalala mlangoni pao, na jirani mwenyewe anamuogopa, akashinda ndani mpaka nilipomfuata.

Sasa kila mtu ana lake. Jirani anasema ni mazuku, ile gesi ya ardhini, ilipanda jikoni. Zamu anasema ni roho za kuku. Binamu yangu yuko Jacksonville, kule Florida, amenitumia video ya mbwa amelala ndani ya pipa la kioo, anasema ni oksijeni ya presha, kwao hospitali ya wanyama wanayo. Na hapa mjini kuna mtu ana mfuko mkubwa wa kupuliza, una zipu na kadirisha, watu wanalala ndani yake ati kusafisha damu. Nilimuuliza kama anapokea mbwa. Hakushtuka hata kidogo. Alimbana Sombe ulimi kwa kile kidude cha kupima oksijeni, kikaonyesha 96, akasema damu bado chafu. Dola 40 kwa mara moja, na anataka mara kumi. Dola 400 kwangu ni cherehani mpya na kitu juu.

Nilipe?

Fundi_Birere (Goma)

Dola 40! Mama Furaha, mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Birere, chupa ya oksijeni ninayo muda wote. Oksijeni ni oksijeni. Lete mbwa, tunamweka ndani ya pipa, tunafungulia kidogo kidogo. Utaninunulia bia mbili za Primus.

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Sisi huku tunatafutia watu oksijeni, ninyi Goma mnatafutia mbwa. Haya.

Furaha_Himbi

Kaka wa Kadutu, usiku walipokuja kung'oa mlango wa jirani aliyeamka wa kwanza siyo polisi, ni Sombe. Mshahara wake ni mabaki ya fufu. Mimi naona bado namdai kidogo kuliko anavyonidai.

DktWanyama_Lshi (Lubumbashi)

Mama Furaha, mimi ni mganga wa wanyama, nilisomea hapa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Kabla sijasema kitu: wale kuku mliwapeleka wapi? Na Sombe ana chanjo ya kichaa cha mbwa? Nina sababu ya kuuliza yote mawili.

Fundi, pipa liache kwanza. Nitakurudia.

Furaha_Himbi

Kuku zamu aliwala, mimi nilikataa. Alisema nyama ilikuwa nyekundu ajabu, akafurahi, akafikiri ni sababu wamelishwa vizuri. Chanjo ya kichaa Sombe alichomwa mwaka uliopita, kadi iko ndani ya Biblia. Zile chanjo zingine alipata akiwa mdogo tu.

DktWanyama_Lshi

Basi kuku ndio mashahidi, na ushahidi wao unamwondoa mazuku kwenye kesi.

Mazuku ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mabondeni, kwenye mashimo na misingi ya nyumba, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wala jua la kuichanganya. Ninyi mnaoishi kuelekea Bulengo na Lac Vert mnaijua kuliko mimi. Ingekuwa ndiyo iliyoingia jikoni, ingeanza na aliye sakafuni. Sombe angekufa, na kuku wa juu ya boriti wangeshuka asubuhi kutafuta mahindi. Kwako imekuwa kinyume.

Kilichowaua ni kaboni monoksaidi, ile inayotolewa na makala yanapowaka bila hewa ya kutosha. Haina harufu, haina rangi. Uzito wake unakaribiana sana na wa hewa yenyewe, kwa hiyo haichagui chini wala juu, inajaza chumba, na ikitoka motoni inapanda pamoja na joto. Ndege hupumua kwa kasi na huanguka mapema. Ndiyo maana wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wanashuka shimoni na ndege wa kanari, mpaka miaka ya 1980. Na ile nyama nyekundu iliyomfurahisha zamu ndiyo sahihi ya gesi hiyo, damu iliyoshikwa nayo hugeuka nyekundu ya kung'aa. Mwambieni zamu kwamba mnyama aliyekufa bila kujulikana sababu haendi sufuriani. Safari hii alibahatika kwamba ilikuwa gesi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Oksijeni ndani ya damu hubebwa na hemoglobini. Chukua shukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinazoshuka toka Kibumba na viazi: zimejaa, na kwa mnyama mzima damu nayo imejaa oksijeni kwa asilimia 95 kwenda juu. Monoksaidi inapanda juu ya shukudu hizo hizo na kung'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Shukudu zinaendelea kupita barabarani, lakini sokoni hakifiki kitu. Ubongo na moyo ndivyo vinavyolia njaa kwanza.

Hapo ndipo kile chumba cha binamu yako kinapopata heshima yake. Kwa binadamu anayepumua hewa ya kawaida, nusu ya monoksaidi hutoka damuni kwa saa 4 hadi 6. Akipumua oksijeni tupu kwa maski, inakuwa dakika 60 hadi 90. Ndani ya chumba chenye presha ya atmosfia 3, yaani mara tatu ya presha ya hewa ya pwani, ni dakika 20 na kitu. Tena presha hiyo inaingiza oksijeni moja kwa moja kwenye maji ya damu, bila kupitia hemoglobini. Mwaka 1960 daktari mpasuaji Ite Boerema wa Amsterdam aliandika jinsi alivyowatoa nguruwe karibu damu yao yote, akawawekea maji yenye chumvi na vitu vingine visivyobeba oksijeni, na ndani ya chumba cha presha wakaendelea kuishi. Siyo uchawi wa YouTube, ni kitu cha kweli.

Lakini angalia saa, mama. Gesi ya Sombe ilishatoka yote siku ile ile zamu alipomweka kwenye upepo, au alfajiri iliyofuata kabisa. Leo hakuna cha kusafisha. Yule zamu wenu na roho zake za kuku ndiye aliyefanya tiba ya kwanza na ya maana kuliko zote.

Sasa mfuko wa dola 40. Chumba cha kweli ni cha chuma au cha akriliki nene, mnyama anapumua oksijeni karibu asilimia 100 kwa presha ya atmosfia 1.5 hadi 3, mara nyingi karibu 2, kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Mfuko wa zipu hauwezi hiyo, ungepasuka. Mifuko ya namna hiyo huongeza kama 0.3 tu juu ya presha ya nje. Na presha ya nje kwenu siyo 1. Goma mko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa yenu ina kama 0.84. Jumlisha: 1.14. Akipumua hewa ya kawaida humo ndani, Sombe anapata kiasi cha oksijeni ambacho mbwa wa Mombasa angepata kwenye hewa ya asilimia 24. Mbwa wa Mombasa anapata 21 bure, akiwa amelala kivulini. Hiyo tofauti ndiyo unayouziwa dola 400.

Na kile kidude cha kubana ulimi hakijui kutofautisha oksijeni na monoksaidi. Kinaangalia rangi tu. Mbwa anayekufa kwa gesi ya makala kinaweza kumwonyesha 98. Wala 96 siyo damu chafu, ni mbwa wa Goma anayepumua vizuri.

Kuhusu vituko vya sasa. Kuna hali inayojulikana kwa watu, na imeonekana kwa mbwa na paka pia: mgonjwa anapona, anakaa siku kadhaa au hata wiki bila tatizo, kisha ubongo unaanza kusumbua. Kutembea ovyo, kusahau, kuduwaa. Maelezo yako yanafanana sana na hiyo. Je, chumba cha presha kinaizuia? Kwa watu, utafiti wa Salt Lake City uliochapishwa 2002 ulichukua wagonjwa 152, wakaingizwa mara tatu ndani ya saa 24. Baada ya wiki sita, waliobaki na matatizo ya akili na kumbukumbu walikuwa asilimia 25 kwa waliopata presha, na 46 kwa wale wengine. Lakini utafiti wa Melbourne wa 1999 haukuona faida yoyote. Waganga bado wanabishana, na wanabishana juu ya siku ya kwanza, siyo wiki za baadaye. Kwa mbwa tuna taarifa za mgonjwa mmoja mmoja na tafiti ndogo. Kliniki za Marekani hukitumia zaidi kwa vidonda visivyofunga, uvimbe, kuumwa na nyoka. Anayekuambia kinatibu kila kitu, mwulize kama kinashona pia.

Nisichotaka ni tuishikilie gesi peke yake mpaka tukose jambo jingine. Mbwa mzee anayezunguka upande mmoja anaweza kuwa na ugonjwa wa sikio la ndani: angalia kama kichwa kimeinama upande, na kama macho yanachezacheza yenyewe. Chanjo alipata utotoni tu, kwa hiyo ugonjwa wa Carré (distemper) uko kwenye orodha yangu. Kichaa naona mbali kwa sababu ya kadi, lakini akianza kutokwa mate, kushindwa kumeza au kung'ata bila sababu, usimguse mdomo, mfungie na uite mganga siku hiyo hiyo. Asilimia 90 ya jibu itatoka kwa mtu atakayemshika, siyo kwangu niliye Lubumbashi. Mpeleke kwa mganga wa wanyama hapo mjini. Hata ukimlipa mara tatu, hufiki dola 400.

Nyumbani: mlango wa parseli ufungwe, maji na chakula visihamishwe mahali, na msimpe vidonge vya watu. Ibuprofen hasa, hapana. Wengi wa aina hii hupata nafuu polepole kwa wiki na miezi, bila mashine.

Fundi_Birere

Docta nimesoma yote. Lakini bado hujaniambia kwa nini pipa langu halifai. Oksijeni yangu ni safi, ya kiwandani.

DktWanyama_Lshi

Sina ugomvi na usafi wake, ugomvi wangu ni moto. Ndani ya oksijeni nyingi, vitu ambavyo kwa kawaida vinaungua taratibu vinalipuka: manyoya, nguo, grisi. Wewe mwenyewe unajua hukubali tone la mafuta kwenye reguleta yako, na mbwa amejaa mafuta ya ngozi. Binamu wa Mama Furaha akipanda gari, haiko mbali na kwake kuna mji wa Ocala. Februari 2012, kwenye kituo cha kutibu farasi huko, farasi alikuwa ndani ya chumba cha presha, akapiga mateke, chuma cha kwato kikatoa cheche. Chumba kililipuka. Alikufa farasi na alikufa mwanamke aliyekuwa akimhudumia. Na hao walikuwa na chumba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kwenye kliniki mbwa huvuliwa kola na kila kitu cha chuma, hulazwa juu ya pamba tupu, na mtu hakai mbali naye hata dakika.

Ongeza kwamba pipa lililofungwa linarudisha kwa mbwa hewa chafu anayotoa mwenyewe. Ungemtengenezea mazuku yake binafsi.

Infirmiere_Keshero (Goma)

Docta, swali la kazi. Sisi kwenye kituo chetu cha afya tuna konsentreta ya oksijeni, mashine inayoichuja toka hewani, ya lita 5 kwa dakika, tangu wakati wa Covid. Watu hapa wanafunga nyumba na mbabula ndani kila msimu wa mvua, na watoto ndio tunaopokea. Siku mtu akija na mbwa wa namna hii mapema, na mashine iko bure, hakuna mgonjwa, inafaa kitu?

DktWanyama_Lshi

Inafaa sana, na inaushinda ule mfuko. Chukua ile kola ya koni wanayovishwa mbwa wasilambe vidonda. Ziba mbele yake kwa plastiki nyembamba ya jikoni, toka chini mpaka kama robo tatu, juu acha wazi ili joto na hewa chafu vitoke. Mrija upitishe chini, karibu na shingo. Kwa lita 5 mnaweza kufika asilimia 40 hivi ndani ya koni. Hata kwa hewa nyembamba ya Goma, hiyo ni zaidi ya anachopata ndani ya mfuko kwa dola 40. Akikataa koni, shika mrija karibu na pua tu, kidogo ni bora kuliko kupigana naye, maana mbwa anayepigana anatumia oksijeni yote mnayompa.

La kwanza siku zote ni kumtoa nje, na wewe mwokoaji kufungua mlango na kusubiri kidogo kabla ya kuingia. Kwa mazuku ni tofauti na hatari zaidi: usiiname kumwokota mbwa aliye shimoni. Kaboni dayoksaidi ikifika asilimia 10 au zaidi mtu mzima anazimia kwa muda mfupi mno, na ukiinama umeifuata ilipo. Tumia kamba au mti mrefu. Akitoka akiwa bado anapumua, mapafu yake yenyewe yanaifukuza ndani ya dakika chache. Hapo mashine ya presha haina kazi.

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Nilikuja kucheka, sasa nimeenda kufungua dirisha la jikoni. Mama Furaha, pole ya Sombe.

Furaha_Himbi

Aksanti kaka. Aksanti docta.

Nimemwangalia. Kichwa hakijainama, macho yametulia. Nimemweka kwa chumba cha cherehani, anazunguka meza, akichoka analala juu ya vitambaa vya wateja, nitajieleza kwao. Jumamosi nampeleka kwa mganga, dada yangu anajua mmoja aliye na gari kwa sababu Sombe hapandi motari, alishajaribu akaruka.

Mwenye mfuko amenipigia. Ameshuka mpaka dola 25, na ya kwanza bure. Nikamwuliza presha ya mfuko wake inafika ngapi. Akasema inatosha. Nikasema inatosha ngapi. Akasema mama, wewe unataka mbwa apone au unataka hesabu? Nikakata.

Zamu amekasirika kuhusu kuku. Anasema hakuumwa hata tumbo.

Kilichobaki ni jiko. Turubai nimelitoa, lakini mvua inarudi wiki hii na nikiacha tundu wazi hivi, paka wote wa Himbi watakula maharage yangu.

Fundi_Birere

Hiyo sasa ni kazi yangu, hata docta hana la kusema. Nakuwekea grili upande wa dirisha na nyingine ndogo upande wa pili, juu karibu na bati, hewa ipite toka huku kwenda kule. Juu ya kila moja kipande cha bati cha kuzuia mvua. Dola 30 zote mbili, rangi unanunua wewe.

DktWanyama_Lshi

La kusema ninalo: ile ya pili iwe kubwa kama ya kwanza. Na mbabula itoke nje mkimaliza kupika.

Furaha_Himbi

Umesikia docta, zote kubwa. Dola 22, na rangi iko kwako.

Fundi_Birere

25. Rangi itakuwa ya kijani, ndiyo niliyobaki nayo.

Furaha_Himbi

Kuja Alhamisi. Uingilie mlango wa nyuma, Sombe siku hizi hajui nani ni nani.